Anwani za Waliosahau Kulipa

Mmeniomba niandike, nyinyi mliobaki kwenye kundi letu la simu: wa Kisii mjini, wa Nyamira, na yule mmoja wa Keroka anayeandika kila kitu kwa herufi kubwa kana kwamba anatuita kutoka ng'ambo ya bonde. Nimeacha kazi. Majina niliyobaki nayo nimeyaacha yafe yenyewe, kila moja na tarehe yake. Nina miaka arobaini na saba, umri ambao mwalimu bado ana darasa. Lakini kazi yetu haina barua ya kustaafu wala karamu ya kuagwa. Mtu huacha kulipa tu.

Sitaandika nilipata kiasi gani. Anayetaka kujua hilo aangalie viatu vyangu. Nitaandika nilivyoanza, aliyenifundisha, kazi yenyewe ilivyo, na mambo ya Tabaka, ambayo wengine wenu mmeyasikia nusu nusu na nusu iliyobaki mkaijaza wenyewe.

Nilimaliza kidato cha nne, nikakosa karo ya kwenda mbele, nikaanza kutembea. Nilichuma chai Nyamira, nikabeba ndizi Marani, nikashika brashi ya fundi mmoja aliyeandika mabango ya maduka. Hapakuwa mahali nilipokaa zaidi ya misimu miwili. Mama yangu alisema nina miguu ya mtu anayedaiwa, ingawa wakati huo hakuna aliyekuwa amenikopesha hata kiberiti. Nilipochoka kulala kwa watu nikaingia Kisii mjini, nikaomba kazi katika duka la Bi Zuhura.

Bi Zuhura alizaliwa mjini humu. Babu yake aliuza vitambaa, baba yake akauza vitambaa, na yeye akagawa duka kwa ukuta wa mbao: upande huu leso na mitandio, upande ule kompyuta sita. Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani kwao. Changu kilikuwa cha shuleni na sokoni, na alikisahihisha bila huruma, mbele ya wateja. Siku ya kwanza alinipa ratiba ya mazishi niichape. Nilipomaliza alisoma kila jina kwa kidole.

"Huyu mjane umemwandika Kemunto. Karatasi inasema Kerubo."

"Nitarekebisha, Bi Zuhura."

"Rekebisha sasa hivi. Kemunto ni mke wa pili. Ukiwapelekea hii watazika wawili."

Nilijifunza kazi ya majina kwa njia hiyo, kabla sijajua kwamba ni kazi.

Kisa cha kwanza kililetwa na mwalimu mmoja aliyeshuka kutoka Nyanchwa kwa miguu, Ijumaa mchana, akihema. Alikuwa mlezi wa kwaya. Kwaya yao ilikuwa na tovuti, yenye picha zao wamevaa majoho ya samawati, na alitaka tumalize shida yake kabla jua halijazama, kwa sababu Sabato ikishaingia hangegusa kompyuta mpaka kesho yake jioni.

"Shida ni nini, Mwalimu?" Bi Zuhura akamuuliza.

Akatazama mlango. Akashusha sauti. "Kwaya yetu inauza dawa ya nguvu za kiume."

Nilifungua. Ni kweli. Jina ni lile lile la kwaya, herufi kwa herufi, na chini yake chupa na mwanamume anayetabasamu. Bi Zuhura alijifunika mdomo kwa mtandio, akakaa hivyo kidogo, kisha akamwekea mwalimu kiti.

"Hili jina hamkulinunua, Mwalimu. Mlilikodi, kama kibanda cha soko. Kila mwaka mnalipia. Nani alikuwa analipia?"

"Kijana wa mzee wa kanisa. Alienda Amerika."

"Basi taarifa za kulipa zilimfuata huko. Hakulipa, kibanda kikabaki wazi, mwingine akaingia."

"Kwa hivyo ni mwizi."

"Si mwizi," Bi Zuhura akasema. "Angekuwa mwizi tungejua pa kumshtaki."

Mwalimu akarudi mlimani na jua lake. Mimi nilibaki nikiitazama ile chupa. Sikuona uovu wowote ndani yake, nawaambia ukweli. Niliona kwamba kitu kilichokuwa bure Jumatatu kilikuwa na thamani Ijumaa, na kwamba hakuna aliyekuwa amekitazama.

Hapo nikaanza kujifunza. Nyinyi mnajua haya, lakini siku hizi mnaiachia mashine ihesabu siku, kwa hiyo nitayasema. Domeni, yaani jina la tovuti, haifi siku ile muda wake unapokwisha. Kwanza ukurasa huzimika, na mwenyewe ana kama mwezi mmoja wa kulipa kama kawaida. Akizidi hapo ana mwezi mwingine wa kulikomboa kwa faini. Kisha kuna siku chache ambazo hakuna anayeweza kuligusa, mwenyewe wala mgeni. Halafu linaanguka, na aliye chini na mikono wazi ndiye analidaka.

Majina mazuri ya Kiingereza yalidakwa na mashine za watu wa mbali kabla hujapepesa jicho. Yaliyobaki yalikuwa yetu: majina ya vilima na vituo vya soko, ya kwaya, ya shule, ya vikundi vya chai. Mashine ikiyaona huona herufi zisizo na maana. Mimi niliona ukoo mzima unaoishi Nairobi na unaotamani kuona picha za nyumbani. Hapo ndipo miguu yangu ilipopata kazi. Nilizunguka na daftari. Niliandika anwani zilizopakwa ukutani, za kwenye kalenda, za migongo ya mabasi ya shule, za chini ya ratiba za mazishi. Nilirudi dukani na kutafuta kila moja inakwisha lini. Niliandika hata za wagombea wa viti, mpaka nilipojifunza kwamba aliyeshindwa halipi mwaka wa pili na hakuna mwingine anayelitaka jina lake, hata mkewe.

Bi Zuhura aliliona daftari na hakulipenda wala kulikataa. Alinipa sharti moja. "Ukiona jina linakwisha, mwendee mwenyewe kwanza. Kwa miguu, si kwa simu. Mwambie mara moja, umtazame. Akikataa kusikia, hapo chukua, na ule bila kutazama nyuma."

Nilifuata sharti hilo karibu mwaka mzima. Nililipisha ada ndogo kwa kumkumbusha mtu na kumlipia. Ilikuwa kazi safi na ya polepole, na ingeweza kunilea mpaka leo kama watu wangependa kuambiwa ukweli na mtu asiyevaa tai. Siku moja nilikwenda Marani kumwona mwenye duka la hadiwea ambaye jina lake lilibakiza siku tisa. Nikamweleza.

"Inakufa?" akasema. "Mimi mwenye jina sijafa, jina inakufa aje?"

"Ni ya kukodi, Mzee. Ukinipa idhini nikulipie leo..."

"Eeh, nilingoja hapo. Nikulipe." Akapanda juu ya mfuko wa simiti ili aonekane vizuri. "Njooni mwone! Huyu ndiye ile sauti hukupigia simu inasema umeshinda gari! Leo amekuja na mwili!"

Wakaja. Mama mmoja muuza ndizi akaniuliza gari lenyewe ni la rangi gani. Mwingine akasema anipe ng'ombe, lakini nimletee gari kwanza. Walicheka na mimi nikacheka nao ili nitoke salama, na walinisindikiza mpaka barabarani kama bwana harusi. Siku tisa zikapita, mwezi ukapita, mwezi wa pili ukapita. Jina likaanguka nikalichukua. Yule mzee alipogundua alinitafuta mwenyewe, akashuka mpaka Kisii mjini, na alichonilipa ili alipate tena kilikuwa mara thelathini ya ada niliyomwomba pale dukani kwake. Hakunitukana. Aliniita "mkubwa".

Kuanzia hapo nikaacha kwenda kuwaambia watu.

Nataka mwelewe jinsi ilivyokuwa rahisi. Sikuiba neno la siri la mtu, sikughushi karatasi. Nilinyamaza tu kwa siku sitini na kitu. Katika biashara yetu kunyamaza ndiyo mtaji, na hakuna benki inayokuuliza umeutoa wapi. Mnunuzi bora wa jina lililokufa ni yule aliyelipoteza, kwa sababu ndiye pekee anayelia. Asipopatikana, au akiwa hana kitu, kuna wanunuzi wengine: wa kamari, wa vidonge, wa mikopo ya simu isiyo na ofisi. Hao hawataki herufi. Wanataka umri wa jina na sifa zake, miaka kumi ya watu wema kuliamini, ili wao waingie ndani yake kama mtu anayevaa koti la mchungaji.

Nilijiambia maneno mengi. Kwamba nisipochukua mimi atachukua Mchina au Mrusi. Kwamba mtu asiyelipia shamba lake asilie akikuta mahindi ya mwingine. Haya mnayasema hata nyinyi kwenye kundi, nimeyasoma, na mengine niliwafundisha mimi. Mengi ni kweli. Jina la duka lililofungwa, la kampuni iliyovunjika, la mgombea wetu yule, lichukueni, mnafagia tu. Lakini nyote mnajua kuangalia kama bado kuna wageni wanaokuja kwenye jina. Wakiwepo, basi kuna mtu ndani ya nyumba, amelala. Mimi nilikuwa naangalia wageni ili nipandishe bei.

Bi Zuhura alifunga upande wa kompyuta simu zilipogeuka kuwa kompyuta, akarudi kwenye vitambaa. Mimi nikanunua laptopu nikawa natembea nayo. Nilifanya kazi Ogembo, Nyansiongo, Ekerenyo, popote penye umeme na chai. Miaka hiyo naikumbuka vizuri kuliko nilivyoiishi. Asubuhi ukungu umelala kwenye mashamba ya chai, mimi nimeketi kwenye veranda ya mtu nisiyemjua, nikitazama tarehe za watu wengine nisiowajua.

Sasa Tabaka.

Jina la kikundi kile nililiandika daftarini zamani, nikipita kwenye barabara ambayo sikuwa na sababu ya kupita. Lilikuwa kwenye bango la bati: wachongaji wa mawe ya sabuni, wanaume wanaochonga na akina mama wanaosugua na kung'arisha. Jina lenyewe sitalitaja hapa. Lina mwenyewe mwingine sasa na sitaki kumpelekea wageni. Kila mwaka niliangalia tarehe yake, na kila mwaka lililipwa wiki mbili mapema. Mtu wa namna hiyo nilimheshimu kwa mbali, kama mchezaji wa timu nyingine.

Mwaka juzi tarehe ikafika na halikulipwa. Nilikuwa Nyamira, safari ya nusu siku kwa magari mawili. Nilijiambia watalipa. Mwezi wa kwanza ukapita, nikajiambia watalikomboa. Siku lilipoanguka nilikuwa nimelingoja tangu asubuhi, na nililidaka mimi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikulielewa. Wageni wa jina lile hawakupitia matangazo wala tovuti nyingine. Walikuwa wachache wachache, kila siku, kutoka nchi za baridi, na kila mmoja aliandika anwani yote kwa mkono, herufi kwa herufi. Watu hawaandiki hivyo siku hizi. Sikujua wanaisoma wapi. Lakini wanunuzi huwapenda sana wageni wa aina hiyo, na haikupita wiki kampuni moja ya kamari ya mtandaoni ikanipa bei, nikakubali. Pesa ikawekwa kwa mtu wa kati, kama mnavyojua, na mimi nikapewa siku saba: niliachilie jina nilipwe, au nikatae na pesa irudi kwao.

Siku ya nne nilikwenda Tabaka. Miguu tu. Labda na udadisi juu ya wale wageni.

Nilimkuta mwenyekiti wao chini ya mabati, mikono imepauka kwa vumbi la jiwe mpaka kwenye viwiko. Anaitwa Mama Moraa. Akina mama wengine saba au wanane walikaa kwenye vigoda wakisugua mabakuli ndani ya makarai ya maji, kwa msasa.

"Bwakire, Mama," nikasema.

"Bwakire. Wewe ni mtu wa kaunti?"

"Hapana, Mama. Mimi ni mtu wa kompyuta."

"Wa kompyuta!" Akawageukia wenzake. "Nyinyi, si tuliomba? Mungu ametuma mtu wa kompyuta. Amemtuma akiwa amekonda, lakini amemtuma. Mleteeni chai."

Nikaletewa chai na ndizi za kuchemsha. Akanieleza shida yangu mwenyewe. Tovuti yao ilizima, wateja wa ng'ambo wanapiga simu wanasema hawaoni kitu. Aliyekuwa akishughulikia hayo ni Onchiri, katibu wao, na Onchiri walikuwa wamemzika miezi mitano iliyopita.

"Simu yake iko wapi, Mama? Taarifa za kulipa zingekuja kwa simu yake."

"Iko kwa sanduku, kwa nyumba yake. Simu, karatasi, hata viatu. Si unajua vile iko. Vitu ya marehemu hakuna mtu anashika mpaka ukoo ikae."

"Na ukoo utakaa lini?"

"Ndugu yake mkubwa ako Mombasa. Anasema Desemba." Akapuliza chai yake. "Hata wakati wa baba yao alisema Desemba. Hakusema ya mwaka gani."

Wakacheka. Nilicheka pia. Niliiona simu ile gizani, imefungwa pamoja na viatu, chaji imekwisha, na taarifa kwamba jina lao linakwisha zikiitafuta kila wiki bila kuipata. Mashine za watu wa mbali hazijui kwamba kwetu sanduku la marehemu halifunguliwi mpaka ukoo ukae. Mimi nilijua. Ujuzi wangu wote wa miaka ile, ule niliouita ujuzi wa biashara, ulikuwa ujuzi wa mambo kama hayo: nani ameenda Amerika, nani amekufa, nani haongei na nduguye.

Nikamwambia kwamba jina lao lilikwisha muda na mtu mwingine amelichukua. "Hawa wateja," nikauliza, "anwani yenu wanaipata wapi?"

Mama Moraa akachukua bakuli lililokwisha kung'arishwa, akaligeuza, akanionyesha kitako. Anwani ilikuwa pale, imechongwa kwa ncha ya msumari, herufi ndogo zilizonyooka, zimeingia ndani ya jiwe.

"Tunaandika hapa. Kila moja. Ilikuwa maneno ya Onchiri. Alisema mtu akiosha bakuli atageuza, ataona tuko wapi."

"Tangu lini?"

"Tangu mjukuu wangu hajazaliwa, na sasa ako darasa la sita. Hesabu wewe."

Sikuhesabu. Nilifikiria masinki ya watu wa mbali, mtu anageuza bakuli, anasoma, anafuta mikono, anaandika.

"Na huyu amechukua jina yetu, unaweza kumpata?" akauliza. "Tuongee na yeye. Hata kama ni mtu mbaya, ana mama."

"Nitajaribu, Mama," nikasema, nikamwachia namba yangu. Nikaongezewa chai.

Nilipofika barabarani nilimpigia Bi Zuhura. Nilimweleza yote, na alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Sasa unaniuliza nini?" akasema.

"Nifanye nini?"

"Unajua la kufanya. Umenipigia nikuruhusu lile jingine. Mimi nauza leso, Nyakundi. Nina mteja."

Akakata.

Siku ya sita niliachilia jina. Ningependa kuwaambia kwamba mtoto alikuwa hospitalini au nyumba ilikuwa inapigwa mnada. Haikuwa hivyo. Niliogopa mtu wa kati angenishusha hadhi kwa kuvunja makubaliano, na nilikuwa nimechoka, na kubofya kulikuwa rahisi kuliko kuandika barua ya kukataa. Kama mnatafuta katika maandishi haya mahali ambapo mtu anageuka kuwa mbaya, ni hapo, na mimi nilikuwepo na sikusikia kitu.

Baada ya majuma mawili Mama Moraa akanipigia. "Mtu wa kompyuta, kuja. Mambo imeharibika."

Walikuwa na maboksi arobaini yamefungwa, mabakuli na sahani za mawe, yameviringishwa kwa magome makavu ya migomba. Wanunuzi wao walikuwa watu wa makanisa huko ng'ambo, wanaouza kazi za mikono baada ya ibada. Mmoja wao alikuwa amegeuza bakuli la zamani, akaandika anwani, akakuta mashine za kamari na wanawake waliovaa nusu. Barua yao ilikuwa ya upole. Mzigo ungepokelewa tu ikiwa anwani ile haipo kwenye kipande hata kimoja, na lori lilikuwa linakuja Jumatatu. Lisipobeba, wangepoteza mauzo yao ya mwaka, na karo ya muhula uliokuwa ukianza.

Nilikuwa nimejaribu kulinunua jina tena kabla sijaondoka nyumbani. Waliniambia bei ya shamba, kisha wakaacha kujibu. Kwa hiyo nilifika pale mikono mitupu, nikasema nikiwa bado nimesimama.

"Mama, aliyelichukua jina ni mimi."

"Umechukua nini?"

"Jina lenu. Lilipoanguka nililichukua mimi. Kisha nikaliuza kwa hao wa kamari."

Msasa ukanyamaza ndani ya makarai. Mama Moraa alinitazama kama anayejaribu kusoma maandishi madogo.

"Basi uliza wakurudishie."

"Nimeuliza. Hawataki."

Akafikiri. "Ile siku ulikuja hapa ukakunywa chai. Ulikuwa umeuza?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua.

"Bado," nikasema.

"Bado." Akawageukia wenzake, akawaambia kwa Ekegusii, pole pole, kana kwamba hawakuwa wamesikia Kiswahili changu. Kisha akanirudia. "Ulikuwa bado."

"Na alikunywa vikombe viwili," akasema mmoja aliyekaa nyuma.

"Huyu hana ensoni," akasema mwingine, ambayo ndiyo aibu, ile ya kumzuia mtu asimtazame mama mkwe wake usoni. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja kilema.

Nilitoa bahasha. Ilikuwa na yote niliyolipwa, na kidogo juu yake. Mama Moraa hakuipokea wala hakuisukuma, akanionyesha meza, nikaiweka pale, na mweka hazina akaifunika kwa kitabu chake. Nikamwambia pia kwamba nimewasajilia jina jipya, la miaka kumi, na taarifa zitakwenda kwa watu watatu walio hai, wa nyumba tatu tofauti.

"Asante," akasema. "Hiyo hatuandiki kwa jiwe."

"Sawa, Mama."

"Pesa tumeona. Jina tumeona. Sasa leo ni Ijumaa, kesho ni Sabato hatushiki kazi, na hapa tuko na maboksi arobaini." Alivuta kigoda kwa mguu. "Sisi tunakosa mikono."

Nikakaa. Walinionyesha mara moja tu. Unakata kamba, unafungua gome la mgomba, unageuza bakuli. Kwanza unapitisha tupa ya chuma, ili kuziua herufi, bila kuchimba shimo. Halafu msasa mkavu wa nafasi nafasi, halafu ule laini ndani ya maji, mpaka kitako kilingane na ubavu. Jiwe la sabuni ni laini, linatii, na ndiyo sababu herufi ziliingia kwa urahisi. Maji yanageuka maziwa. Ngozi ya vidole inaisha kabla ya mchana.

Kwa saa ya kwanza hakuna aliyesema nami. Walizungumza wao kwa wao juu ya lori na mvua. Nilijaribu kuzihesabu herufi nilizofuta nikaacha. Zilizokwisha kwenda ng'ambo, miaka yote ile, zipo kwenye kabati za watu na hakuna tupa inayozifikia. Nilisema hivyo kwa sauti, sijui kwa nini.

"Hizo ni zako," Mama Moraa akasema bila kuinua kichwa. "Utatembea nazo. Si unapenda kutembea?"

Mmoja akacheka, kisha wote. Nikampa bakuli nililomaliza, la kwanza ambalo nilidhani ni zuri. Akalifuta kwa kanga, akalitoa nje ya kivuli cha mabati, akaliinamisha kwenye jua upande huu na upande ule.

"Hapana. Bado inasomeka. Kuja uone."

Nilikwenda nikaona. Kwenye jua la pembeni herufi zote zilikuwa pale, hafifu kama mishipa chini ya ngozi, na niliweza kulisoma jina lote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nikarudi kwenye kigoda, nikalichovya bakuli majini, nikaanza upya.